Safari ya Kwanza Peke Yako: Panga Pesa za Simu Kabla ya Kutoka Mikindani

Mtihani wa Kidato cha Nne umeisha, kitambulisho kimetoka, na sasa shangazi aliye Kisumu anasema, "Mleteni nimuone." Kwa vijana wengi wa Mikindani, hii ndiyo safari ya kwanza bila mzazi kando. Si mwendo mdogo. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Kisumu ni zaidi ya 300. Ukikwama bila pesa ukiwa Nakuru saa tatu usiku, hakuna jirani wa kumgongea mlango. Kwa hivyo leo tunapitia mambo manne ya kupanga mapema.

1. Laini iwe kwa jina lako

Vijana wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama au cha kaka. Nyumbani haina shida. Lakini simu ikiibwa njiani, anayeweza kurudishiwa laini ni yule iliyosajiliwa kwa jina lake, naye amebaki Mikindani. Pesa zipo, lakini huwezi kuzigusa.

Ukishatimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, sajili laini yako, fungua akaunti, kisha hamisha salio lako. Fanya hivyo wiki moja kabla ya safari, na ujaribu kutuma na kupokea kiasi kidogo uone kama kila kitu kiko sawa.

2. Gawanya pesa mafungu matatu

Tuseme tikiti ya kwenda umeshalipa na umebaki na shilingi 6,000:

- 2,500 za kurudi: ziweke kwenye akiba, zisichanganyike na salio la kawaida.
- 2,500 za matumizi: hizi ndizo za chakula, matatu na zawadi ya shangazi.
- 1,000 taslimu: noti ndogo na sarafu, za kukusaidia simu ikizima au makanga akikataa pesa za simu.

Hizo 1,000 zitoe mara moja, kwa wakala wa mtaani unayemjua. Ukitoa mia mbili mbili mara tano, utakatwa ada mara tano.

3. Njiani, usilipe kwa haraka

Ukipanda treni ya SGR pale Miritini, itakushusha Syokimau, na bado utahitaji nauli ya kufika mjini Nairobi kutafuta basi la Kisumu. Iweke kwenye hesabu. Ukienda na basi, huenda mkasimama Mtito Andei, karibu nusu ya njia ya Nairobi. Hapo abiria wote wananunua chakula pamoja na dereva anapiga honi. Hata hivyo, soma jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa silo, simamisha.

Mtu akikuambia, "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," usiamini ujumbe pekee. Angalia salio lako kwanza. Hata ukikuta pesa zimeingia kweli, mwambie apigie huduma kwa wateja zirudishwe kwa utaratibu. Na simu yako usimpe mgeni, hata kama anasema anataka kupiga mara moja tu.

4. Mzazi, kubalianeni swali la siri

Wakati mtoto yuko safarini ndipo ujumbe huu unapouma: "Mama, simu yangu imeharibika, nitumie pesa kwa namba hii." Ukimpigia hapatikani, maana kuna sehemu za Tsavo ambako mtandao hukatika. Moyo unakwenda mbio, na mlaghai anautegemea moyo huo.

Kabla hajaondoka, chagueni swali moja ambalo nyinyi wawili tu mnajua jibu lake. Lisiwe tarehe ya kuzaliwa. Asiyejibu sawasawa, hapati hata senti. Kusubiri nusu saa hadi mtandao urudi ni nafuu kuliko kutuma pesa zisizorudi.

Jambo la mwisho, mzazi: namba yake ya siri usimuulize. Akishakuwa na kitambulisho na laini yake, hiyo ni siri yake. Mfundishe kuilinda hata dhidi yako, na hatampa mtu anayejifanya mfanyakazi wetu. Sisi hatuiulizi kamwe.

Kabla ya kupanda gari, hakikisha una:

- Kitambulisho halisi, si picha yake kwenye simu.
- Chaji ya kutosha.
- Namba mbili za jamaa zilizoandikwa kwenye karatasi.
- Nauli ya kurudi kwenye akiba.

Safari njema, na ukifika, mpigie mama.