Kupima Sakafu ya Bahari Kabla ya Kulaza Bomba la Gesi



Juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, wanafunzi wachache tulikaa Kigobe kujifunza jinsi njia ya bomba la gesi inavyochaguliwa chini ya bahari. Mmoja akauliza: sisi wa Bujumbura, bahari inatuhusu nini? Inatuhusu. Maji tunayotilia udhu hapa mjini, sehemu kubwa huvutwa kwa bomba kutoka Ziwa Tanganyika.

Mfano wetu ulikuwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, Tanzania. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba la inchi 12 hupita chini ya bahari kiasi cha kilomita 25 mpaka Somanga Funga, kisha gesi husafiri nchi kavu kilomita 207 hadi Dar es Salaam.

Kabla ya kulaza bomba la namna hiyo, chombo cha upimaji hupita juu ya njia, mstari baada ya mstari. Mambo manne hutafutwa:

1. Kina. Sauti hutumwa chini na mwangwi wake hungojwa. Majini sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, zidisha, kisha gawa kwa 2 kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi: mita 30. Baharini hesabu hiyo hurekebishwa kwa kujaa na kupwa kwa maji, ambako pwani ya Tanzania hufika mita 3.

2. Sura ya sakafu. Sona huonyesha matumbawe, mawe na mabaki ya vyombo.

3. Kilichofukiwa. Sauti nzito hupenya tope na mchanga. Magnetomita hutambua chuma. Sampuli za udongo huchukuliwa.

4. Mikondo na watu. Nguvu ya mikondo hupimwa, na wavuvi huulizwa wanapotia nanga.

Kisha nikapewa jedwali la zoezi. Vina vyote vilikuwa kati ya mita 28 na 31, isipokuwa kimoja: mita 19. Nikasema ni kundi la samaki limepita, nikakifuta, nikachora njia iliyonyooka. Dada mmoja akaniuliza, "Kaka, umejuaje kwamba ni kosa?" Sikuwa na jibu.

Huenda ni samaki kweli. Lakini kama ni mwamba wa matumbawe, bomba litalala juu ya kilele na kuning'inia pande zote mbili. Mkondo utalitikisa usiku na mchana mpaka chuma kichoke na kupasuka. Mvuvi atahatarishwa, na mji utakosa umeme, kwa sababu ya namba moja niliyoifuta mezani. Jibu sahihi lilikuwa kurudi na kupima tena kwa mistari iliyokaribiana, kisha, ikibidi, kuizungusha njia.

Dini yetu imetuamrisha tabayyun: kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu bila kujua. Namba nayo ni habari, na jedwali ni amana.

Zoezi: kina kikubwa kabisa cha Ziwa Tanganyika ni kama mita 1,470. Mwangwi utarudi baada ya muda gani? Ukipata karibu sekunde 2, umeelewa somo.