SOMO: KANGA NAYO INASOMWA



Sote tunaijua kanga. Mama huivaa, mtoto hubebwa nayo. Lakini kanga pia husema. Leo tujifunze kuisoma.

Kanga mbili pamoja huitwa doti. Kila kanga ina sehemu tatu:

1. Pindo: linazunguka pande zote nne.
2. Mji: ni sehemu ya katikati.
3. Jina: ni maneno yaliyoandikwa chini ya mji.

Mchoraji wa kanga huchora vitu tunavyovijua, kama korosho, embe au kuku. Kisha hutafutwa jina. Majina hutoka kwenye methali, nyimbo na mazungumzo yetu wenyewe. Ndiyo maana kanga ni kitu chetu, hata zile zilizochapwa ng'ambo.

Kanga ilianza pwani katika karne ya 19. Mwanzoni haikuwa na maneno. Baadaye yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa herufi hizi tunazosoma sasa. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikatengeneza kanga na vitenge hapa hapa nchini.

Ukifika Kariakoo, pita kwenye maduka ya nguo ya Mtaa wa Uhuru. Utaona kanga zimetundikwa mpaka mlangoni. Usikimbilie rangi. Soma kwanza!

Kwa nini? Tuseme unamnunulia wifi yako doti ya arusi. Hujui kusoma, unamwuliza mwenye duka. Yeye anataka kuuza, anajibu, "Maneno mazuri tu, mama." Kumbe imeandikwa: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Methali ni ya kweli, lakini wifi atajiuliza, "Ananishuku mimi?" Basi ugomvi umeingia nyumbani, na wewe hukutamka neno.

Lakini ukichagua WEMA HAUOZI, umemshukuru. Ukimpa mama NANI KAMA MAMA, ameelewa bila hotuba.

Kumbuka: anayevaa kanga bila kuisoma, wengine wanamsemea. Anayeisoma, anasema mwenyewe.

MASWALI

1. Sehemu tatu za kanga ni zipi?
2. Kwa nini wifi angekasirika?
3. Chukua kanga iliyo nyumbani. Soma jina lake kwa sauti. Ungempa nani?
4. Tunga jina la kanga, uliandike kwenye daftari lako.