Kayabo, Chumvi na Saratani ya Tumbo

Katika darasa letu moja karibu na Ziwa Victoria kulizuka ubishi. Tulikuwa tukisoma habari za chakula bora. Akasimama mama mmoja anayekausha na kuuza kayabo, akasema: "Mwalimu, nimesikia ati samaki wa chumvi analeta kansa ya tumbo. Kama ni kweli, niache kazi nife njaa?" Mzee mmoja akamjibu kwamba kansa ni ya ukoo, tena hiyo ya tumbo hasa ni ya kurogwa. Darasa likagawanyika. Sisi tukaahidi kuleta jibu.

Tuanze na tumbo lenyewe. Chakula tukikimeza hushukia kwenye mfuko. Ndani ya mfuko mna asidi kali inayosaidia kuyeyusha chakula. Asidi hiyo haiuli mfuko wenyewe, kwa sababu ndani umefunikwa na ute mzito. Ute ukiharibika, ngozi ya ndani huchubuka. Ikichubuka na kupona, ikachubuka tena kwa miaka mingi, chembe zake zinaweza kuharibika na kuanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani, au kansa kama wengi wetu tunavyosema. Haiji kwa mlo mmoja wala kwa wiki moja.

Nani anauharibu ute huo? Wa kwanza ni kijidudu. Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kukiotesha kijidudu walichokiona katika matumbo ya wagonjwa. Wenzao wengi hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikinywa yeye mwenyewe, na baada ya siku chache akaanza kuumwa na kutapika. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho huitwa helikobakta pailori. Wengi wetu tumekipata utotoni, mtu kwa mtu ndani ya nyumba. Lakini kati ya hao wengi, wachache tu ndio hupata saratani. Kwa nini hawa na si wale? Sehemu moja ya jibu imo chunguni.

Hebu tuwatazame Wajapani. Saratani ya tumbo iliwaua sana. Walizoea mboga za kuvundikwa kwa chumvi, samaki wa chumvi, na supu ya chumvi. Katika mkoa wa Akita, miaka ya 1950, mtu mmoja alikula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Sasa, wako Wajapani waliohamia visiwa vya Hawaii. Wazee waliohama waliendelea kuugua zaidi ya wenyeji. Watoto wao waliozaliwa huko, wakala vyakula vya huko, waliugua kwa uchache kuliko wazazi wao. Damu ni ile ile! Na huko Japani kwenyewe, majokofu yalipoingia majumbani miaka ya 1960, watu walipunguza vyakula vya chumvi wakapata vibichi zaidi, na vifo vikaendelea kupungua.

Chumvi nyingi huukwangua ule ute, na kijidudu hupata nafasi ya kuumiza. Matunda na mboga mbichi, kama mapera, machungwa na nyanya, huonekana kusaidia kinga. Sigara na pombe nyingi huongeza hatari. Pilipili, ambayo watu huisingizia sana, haijathibitika kuleta saratani hii.

Tulimjibu mama hivi: kazi yako usiiache. Kayabo ni chakula chenye kujenga mwili, na huvuka mipaka hadi Kongo. Shida ni kumla kila siku na chumvi yake yote. Wafundishe wateja wako wamloweke usiku kucha, wamwage maji, wamloweke tena, halafu wasitie chumvi nyingine kwenye mchuzi. Siku nyingine wale dagaa waliokaushwa juani bila chumvi. Akacheka, akasema: "Nikiwaambia hivyo watamwacha wangu!" Hatukuwa na jibu zuri kwa hilo, ila tuliona kwamba mteja anayejua kumpika humnunua tena.

Mzee naye tulimsikiliza. Ni kweli, wapo wachache wanaourithi ugonjwa huu. Lakini ndugu wa nyumba moja hula chungu kimoja na huambukizana kijidudu kimoja, ndiyo maana huonekana kama wa ukoo. Hapo akatuambia habari ya mdogo wake. Aliumwa tumbo mwaka mzima. Wakasema chango, wakasema karogwa, wakauza ng'ombe wawili wa waganga. Alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwenye ini. Darasa zima lilinyamaza.

Kwa hiyo tuliandika ubaoni, na wote wakanakili: maumivu juu ya kitovu yasiyokoma, kushiba kwa matonge machache, kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami. Mwenye dalili hizo aende hospitali, asikae akitafuna vidonge vya asidi miezi na miezi. Vidonge hivyo hutuliza maumivu tu, na mtu akadhani amepona. Kijidudu hupimika kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, zikimezwa zote mpaka mwisho. Penye shaka zaidi, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni na kuutazama mfuko wenyewe.

Maswali ya kujadiliana: Nyumbani kwenu pakiti moja ya chumvi huchukua siku ngapi, na walaji ni wangapi? Nani hutia chumvi chakula kikiwa mezani kabla ya kukionja? Na yupo mtu hapo kijijini anayelalamika tumbo tangu masika, na hajapimwa?