Oili ya Giaboksi na Difu katika Pikapu Zinazokokota Trela

Pikapu inayopanda kutoka bonde la Mto Kagera, huko Murongo, kuelekea Nkwenda, ikiwa imejaa magunia ya kahawa na kukokota trela la mikungu ya ndizi, hupata taabu kubwa kuliko pikapu ya aina ile ile iendayo tupu katika nchi tambarare. Wenye magari wa Karagwe na Kyerwa (wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012) hulijua jambo hili, na kwa kawaida hukumbuka kubadili oili ya injini. Oili inayosahauliwa ni ile ya giaboksi na ya difu, kwa kuwa haionekani, haipungui upesi, na magari mengi hayana taa ya kumwonya dereva juu yake.

Difu hupokea mzunguko wa propela, huugeuza kuelekea magurudumuni, huupunguza kasi, na huyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo usio sawa gari likatapo kona. Meno ya gia zake hayasukumani tu, bali huteleza moja juu ya jingine huku yakigandamizwa kwa kani kubwa mahali padogo. Utando wa oili, mwembamba kuliko unywele, ndio uzuiao chuma kisisage chuma.

Chukua mfano wa pikapu ya kilo 2,000 katika mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 za barabara. Bila kuhesabu ukinzani wa barabara na upepo, kani ihitajiwayo ni nyutoni 2,000 hivi. Ikifungiwa trela la kilo 1,500, kani huwa nyutoni 3,500. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, nguvu ipitayo katika difu ni wati 20,000 bila trela, na wati 35,000 pamoja na trela. Ikiwa sehemu 5 katika kila 100 hupotea kwa msuguano, joto linaloingia katika oili ni wati 1,000 katika hali ya kwanza na 1,750 katika hali ya pili. Ni kama kutumbukiza pasi ya umeme, au karibu pasi mbili, katika lita mbili au tatu za oili!

Oili ikipata moto sana huungana na oksijeni ya hewa, ikawa nzito na yenye asidi. Kwa makadirio yatumiwayo na mafundi, kasi ya badiliko hilo huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za sentigredi. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari huweka ratiba mbili, na kwa gari linalokokota mizigo muda wa kubadili mara nyingi hupunguzwa hadi nusu.

Adui wa pili ni maji, na hapa wanafunzi wa fizikia watamkumbuka Charles na sheria yake ya gesi. Difu yenye nyuzi 90 (Kelvin 363) ikiingia ghafla katika maji ya bondeni na kupoa hadi nyuzi 25 (Kelvin 298), hewa iliyo ndani hutaka kusinyaa kwa karibu sehemu 18 katika 100. Kitundu cha kupumulia kikiwa kimezibwa na tope, hewa mpya haiingii, na maji hufyonzwa kupitia kwenye sili. Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani: chupa ya kioo ipashwe moto taratibu, kisha mdomo wake uinamishwe katika beseni la maji baridi. Maji yatapanda ndani yenyewe. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, na haingoji ratiba yoyote; hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe si ngumu. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe, na oili iwe vuguvugu ili itoke pamoja na uchafu wake. Fundi mwangalifu hufungua kwanza kizibo cha kujazia, ndipo afungue cha kumwagia. Maana akimwaga oili yote, kisha akakuta kizibo cha juu kimeshika kutu hakifunguki, gari halitaondoka hapo. Oili mpya hutiwa hadi ianze kutiririka kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kuzidisha si fadhila, kwani oili hutoka povu na kusukuma sili.

Vizibo vingi vya kumwagia vina sumaku. Ute wa kijivu, laini kama masizi, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole ni meno yanayovunjika, na oili mpya haitayaponya.

Uchaguzi wa oili nao una kemia yake. Difu nyingi za pikapu huhitaji daraja la GL-5, lenye viungo vingi vya salfa na fosfori, ambavyo hufanya ngozi ya kinga juu ya chuma pale utando wa oili unapopasuka. Lakini salfa hiyo yaweza kuila shaba iliyomo katika pete za giaboksi, na giaboksi nyingi za mkono hutaka GL-4. Kutumia dumu moja kwa sehemu zote mbili, bila kusoma kitabu cha gari, ni uwekevu wa hasara.

Hatari iliyo kubwa zaidi haipo katika kupanda bali katika kushuka. Dereva mwenye trela huteremka kwa gia ndogo, injini ikilizuia gari. Meno ya difu yakikatika hapo, injini haishiki tena magurudumu ya nyuma, na uzito wote wa gari na trela huangukia breki ambazo tayari zimepata moto.

Oili iliyotolewa itiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Ikimwagwa mtaroni, mvua za Machi hadi Mei huichukua hadi mabondeni, na maji ya mabonde hayo huingia Mto Kagera uendao Ziwa Victoria.