Kompyuta zilizotumika: tuziwekee Linux?

Swali: Shule yetu imepewa kompyuta za zamani zenye RAM ya GB 4. Windows 10 inajikokota. Tufanyeje?

Jibu: Wekeni Linux, mwalimu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huo hazikubali Windows 11. Mimi ningechagua Linux Mint, toleo la Xfce: ni nyepesi, na huja na LibreOffice. Lakini fedha ya kwanza inunue SSD (diski ya kasi). Mara nyingi diski kuukuu ndiyo huchelewesha kompyuta kuliko kitu kingine chochote. Futeni kabisa data za wamiliki wa awali. Intaneti ikisumbua, programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila mtandao. Nywila ya msimamizi waijue walimu wawili; mmoja akihamishwa, wanafunzi wasifungiwe maabara.