Dawa Iliyomezwa Inaenda Wapi?

Tunajua kama wengi wenu mnafungua kurasa hizi kwa kutafuta kwanza matokeo ya mpira. Hakuna neno, yako nyuma. Lakini wale wa kemia-biolojia walituomba tujibu ulizo lililoletwa darasani: mtu akimeza kidonge cha cipro, akapona, ile dawa imekwenda wapi?

Karibu wote walijibu: "Imekwisha mwilini." Haiko hivyo. Ciprofloxacin, ndiyo cipro tunayopewa kwa tifoide, mwili hauivunji yote. Nusu yake hivi, 40 mpaka 50 kwa mia, inatoka katika mkojo vilevile ilivyoingia, ingali na nguvu yake ya kuua mikrobe. Toka chooni inaingia udongoni, mferejini, mtoni.

Kuna njia nyingine mbaya zaidi, ndiyo viwanda. Mwaka 2007 wachunguzi wa Uswidi, mmoja wao Joakim Larsson, walitangaza vipimo vya maji ya Patancheru, karibu na mji wa Hyderabad, India. Huko viwanda vya dawa karibu 90 vilikuwa vikipeleka maji machafu mahali pamoja pa kuyasafisha. Ndani ya maji yaliyotoka pale, yaani yaliyokwisha kusafishwa, walikuta cipro mpaka miligramu 31 kwa litri. Katika damu ya mgonjwa anayemeza cipro, kipimo cha juu ni miligramu chache tu kwa litri! Tufanye hesabu. Maji yale yalikuwa karibu meta kubiki 1,500 kwa siku, ndiyo litri 1,500,000. Tukiweka miligramu 30 kwa litri tunapata kilo 45. Kidonge kimoja kikiwa cha miligramu 500, hivyo ni vidonge 90,000 vilivyotupwa majini kila siku. Sisi wenyewe tulirudia hesabu hii mara mbili, tukizani tumeongeza sifuri.

Mtu atasema: vema, mikrobe za mtoni zife! Lakini hazifi zote. Zile chache zisizosikia dawa zinabaki peke yao, zinazaana, tena zinapeana ile nguvu ya kushinda dawa, hata kwa mikrobe za ukoo mwingine. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2022 inaonyesha kama katika mwaka 2019 watu 1,270,000 hivi duniani walikufa kwa sababu ya bakteria zilizoshinda dawa. Na tusizani ni habari ya mbali. Mwaka jana mmoja wetu alilala majuma matatu kwa tifoide. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, ya pili vilevile. Wazazi wake waliuza mbuzi wawili kusudi wapate ile ya tatu, ya kudunga. Hatusemi kama mikrobe yake ilitoka India. Tunasema tu kama ugonjwa ni ule ule tuliozoea, na vidonge tulivyozoea havikuuweza.

Basi, dawa iliyo majini itaondolewa namna gani? Kuchemsha hakutoshi, cipro inavumilia moto wa maji. Njia moja inayochunguzwa sana inatumia kitu ambacho mmekwisha kukiona bila kukijua: unga mweupe unaotiwa ndani ya rangi ya nyumba, jina lake dioksidi ya titani, TiO₂. Mafundi wa rangi waliona zamani kama ukuta uliopakwa rangi nyeupe ya mafuta, ukikaa juani miaka mingi, unatoa vumbi kama chaki. Pitisha kiganja, utaona. (Tunasema rangi ya mafuta, si chokaa ya madarasa yetu, ile inatoa vumbi tangu siku ya kwanza.) Ule unga, ukipigwa na jua, ndio unaosaidia kula rangi inayoushika.

Katika mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kama TiO₂ ikiangazwa ndani ya maji inaweza kuyapasua maji kuwa oksijeni na hidrojeni. Toka hapo watu wengi walianza kuichunguza. Kazi yake ni hivi. Mwangaza wenye nguvu ya kutosha ukigonga punje ya unga, elektroni moja inaruka toka mahali pake, kama mwanafunzi anayeondoka kwenye kiti. Kiti kinabaki wazi, na kiti hicho kina njaa: kinanyang'anya elektroni kwa maji yaliyo karibu. Hapo inazaliwa radikali hidroksili, OH•, yenye ukali kupita karibu kila kitu tunachokitumia kwa kusafisha maji. Ile elektroni iliyoruka inashikwa na oksijeni. Radikali haichagui. Inashambulia molekuli ya dawa, inaikata upande huu na upande huu. Cipro ni C₁₇H₁₈FN₃O₃. Ikivunjwa mpaka mwisho inabaki gesi karbonika, maji, fluoridi, na chumvi za azoti. Unga wenyewe haupungui, ndiyo maana tunauita katalizeri.

Kwa nini basi haiko kila mahali? Kwanza, TiO₂ inataka miali ya ultravioleti, mifupi kuliko nanometa 390 hivi, na katika mwangaza wa jua hiyo ni sehemu 4 au 5 tu kwa mia. Ndiyo sababu wengine wanajaribu unga wa manjano, nitridi ya karboni, uliojulikana kwa kazi hii toka 2009. Huo unatumia hata sehemu ya mwangaza tunaouona, na unaweza kutengenezwa kwa kuchoma ure, ile mbolea. Pili, maji machafu yanazuia mwangaza, na uchafu mwingine unakula radikali mbele haijafika kwa dawa. Kwa sisi tunaona mahali pake ni mwisho wa kusafisha, pale pale kiwandani au hospitalini, si mtoni ambako dawa imekwisha kutawanyika. Tatu, unga ni laini mno, kuutoa majini ni taabu. Wengine wanaugandisha juu ya kioo.

Sisi tulijaribu kwa bluu ya metileni, maana cipro haina rangi ya kuonekana. Tulipanga chupa tatu. A ilikuwa na unga na ikawekwa juani, B juani bila unga, C ilikuwa na unga na ikafungiwa kabatini. Nyuma ya chakula cha mchana A ilikuwa nyeupe kama maziwa. B ingali bluu, imefifia kidogo. C ilipungua rangi kidogo tu, maana bluu nyingine ilijishika kwenye unga.

Tulifurahi, lakini mdogo wetu mmoja wa darasa la 4 alituzuia: "Bluu ya metileni inajua kujificha! Ukiitia pamoja na glukozi na soda kali inapoteza rangi, ukitikisa chupa rangi inarudi." Ni kweli. Tulitikisa A kwa nguvu, tukangoja. Bluu haikurudi. Lakini hata hiyo inasema tu kama rangi imevunjika, haisemi vipande vilivyobaki ni nini.

Kwa cipro ulizo hilo ni kubwa zaidi. Katika majaribio mengi nguvu yake ya kuua mikrobe inapotea mapema, mbele molekuli haijakwisha yote. Lakini kila dawa inapashwa kupimwa yenyewe. Wanatumia sahani iliyooteshwa mikrobe. Wanaweka juu yake kipande cha karatasi kilicholoweshwa maji yale, na kesho yake wanatazama. Kama duara safi linazunguka karatasi, dawa ingali inafanya kazi. Kuotesha mikrobe hapa shuleni hatuna ruhusa, wala chumba. Mwenye kazi ya laboratware hospitalini amekubali kutuonyesha sahani moja siku ya ine, saa nane. Nafasi ni 12. Majina yatolewe kwa kapita wa darasa.