Kisu cha Askari: Kutu, Moto na Makali

Utangulizi

Tuchukue mfano wa kijana wa Suji, katika Milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Babu yake amefariki, na katika kugawa vitu vya marehemu yeye amepewa kisu kirefu kilichokuwa kimetundikwa ukutani ndani ya ala ya ngozi. Ubapa umekuwa mwekundu kwa kutu na mpini unacheza. Kijana anataka kukitumia kukatia majani ya ng'ombe na kufyekea migomba. Jirani anamshauri akipeleke kwenye mashine ya kunolea ya umeme, kwani kwa dakika tano kitang'aa kama kipya.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwa nini ushauri huo ni wa hatari. Kutu imekula ngozi tu ya kisu hicho, lakini dakika tano za moto zinaweza kukiua kabisa.

1. Kisu kilitoka wapi?

Visu vya askari viliifikia milima hii kwa njia ya vita. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Kiingereza yaliteremka kutoka Moshi yakifuata reli ya Tanga, chini ya Milima ya Upare, yakiwafukuza Wajerumani na askari wao. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa Tanganyika waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya. Askari wa jeshi hilo walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Bunduki yao ya Lee-Enfield ilikuwa na kisu chake cha kuchomeka mbele ya mtutu, yaani singe. Singe ya mwaka 1907 ilikuwa na ubapa wa kiasi cha sentimita 43, na mpini wa vibao viwili vilivyokazwa kwa skrubu.

Hata hivyo, elimu ya chuma haikuletwa Upare na askari. Kabla ya ukoloni wahunzi wa ukoo wa Washana, katika Ugweno, Upare ya Kaskazini, waliyeyusha chuma wenyewe, na chuma chao kilisafiri hadi Uchagani. Profesa Isaria Kimambo ameeleza nafasi ya ukoo huo katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare. Kwa hiyo kijana wetu anapotengeneza kisu cha babu anaendeleza kazi iliyojulikana zamani katika milima hiyo hiyo.

2. Kutu ni nini?

Chuma hakipati kutu katika hewa kavu, wala katika maji yasiyo na oksijeni. Vyote viwili, maji na oksijeni, lazima viwepo pamoja. Kwa ufupi mabadiliko hayo huandikwa hivi:

4Fe + 3O2 + 6H2O → 4Fe(OH)3

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo ina vitundu vingi. Ndiyo maana huvimba, hupasuka na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Huko Makanya, chini bondeni, hewa ni ya joto na kavu. Milimani usiku huwa baridi. Kisu hupoa, na mvuke ulio hewani hugeuka matone juu yake kama umande juu ya majani. Ala ya ngozi, ambayo wengi huidhania kuwa ni kinga, huzidisha madhara, kwa sababu hunyonya unyevu na mara nyingi ina asidi na chumvi zilizobaki wakati wa kutengeneza ngozi. Basi kisu kihifadhiwe nje ya ala.

3. Ugumu usioonekana

Kisu cha askari si chuma kitupu. Ni feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, mara nyingi pungufu ya sehemu 1 katika 100. Feleji ikipashwa moto hadi iwe nyekundu, kaboni huyeyuka na kuenea ndani ya chuma. Ikipozwa ghafla, kaboni hunaswa kabla haijapata nafasi ya kujitenga, na chuma huwa kigumu sana, lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo mhunzi hukipasha tena moto mdogo, kati ya nyuzi 200 na 300 za Sentigredi, ili kupunguza wepesi huo wa kuvunjika. Hapo ndipo kisu hupata tabia zake mbili: kushika makali na kuhimili kishindo.

Tabia hizo haziondolewi na kutu. Chini ya kutu feleji ni ile ile iliyotoka kiwandani. Lakini jiwe la mashine likizunguka kwa kasi huzaa joto jingi mahali padogo. Makali ni membamba. Uzito wake ni mdogo, kwa hiyo joto lake hupanda upesi sana. Tazama rangi inayotokea juu ya feleji safi: kiasi cha nyuzi 225 huwa ya manjano kama majani makavu, karibu na 255 huwa kahawia, karibu na 280 huwa zambarau, na ikifika 300 huwa buluu. Rangi ya buluu ikionekana kwenye makali, ugumu umepungua. Kukitumbukiza kisu majini baada ya hapo hakurudishi kitu. Kisu kitang'aa, lakini kitakuwa butu kila baada ya kazi ndogo.

4. Kukitengeneza hatua kwa hatua

(a) Chunguza kwanza. Karibu na mpini huwa kuna alama zilizogongwa: herufi, tarakimu au taji. Alama hizo ni ushahidi wa historia ya ukoo na ya nchi. Zinakili katika daftari, wala usizisugue kwa msasa. Ikiwa pamoja na kisu zimekutwa risasi au bomu, usiguse. Toa taarifa polisi.

(b) Ondoa kutu. Paka mafuta mepesi ya mashine, acha usiku kucha, kisha sugua kwa brashi ya waya laini. Kutu ngumu ipakwe maji ya limau kwa muda wa nusu saa tu, kwani asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, kisha kausha mara moja. Usitumie chumvi.

(c) Tafuta nyufa. Mashimo madogo ya kutu si aibu, lakini ufa unaovuka ubapa ni hatari. Kisu chenye ufa kirudi ukutani, kisifanye kazi.

(d) Kaza mpini. Vibao vilivyooza vibadilishwe kwa mti mgumu uliokauka vizuri. Usichome mpini mpya kwa kuchovya mkia wa kisu motoni, maana joto hutambaa hadi kwenye ubapa.

(e) Noa kwa mkono. Singe ilitengenezwa hasa kwa kuchoma, si kwa kukata. Kwa hiyo makali yake huwa manene, na kunoa kwa mara ya kwanza kutachukua muda. Tumia kinoo na maji. Kwa kazi za shamba pembe ya nyuzi 20 kila upande yafaa. Ikiwa ubapa una upana wa sentimita 3, inua mgongo wa kisu juu ya kinoo kwa 3 × sin 20°, yaani karibu sentimita 1.

(f) Kinga. Chemsha majani mengi ya chai, acha yapoe, paka ubapa. Tanini iliyomo huungana na mabaki ya kutu na kufanya utando mweusi usioliwa upesi. Kisha paka mafuta kila baada ya kazi.

5. Jaribio la darasani

Chukua sindano tatu za kushonea, koleo, moto wa bansen na miwani ya kukinga macho. Zipashe zote hadi ziwe nyekundu. Ya kwanza ipoe polepole hewani. Ya pili na ya tatu zitumbukizwe majini mara moja. Kisha isafishe ya tatu kwa msasa na uipashe taratibu, mbali kidogo na ndimi za moto, hadi iwe buluu. Sasa ishike kila moja kwa koleo na ujaribu kuikunja. Ya kwanza itapinda na kubaki imepinda. Ya pili itavunjika. Ya tatu itapinda kisha itarudi. Chuma ni kile kile. Tofauti ni historia ya joto lake.

Hitimisho

Kijana wetu asiione kutu akakata tamaa, wala asiuone mng'aro akadanganyika. Kazi ya mkono ya siku mbili itampa kisu kitakachomtumikia maisha yake yote, naye akirithishe. Kiwe chombo cha shamba. Kisibebwe shuleni wala mnadani.

Maswali

1. Kwa nini misumari huwahi kupata kutu Tanga kuliko Makanya?
2. Eleza kwa nini makali hupata joto upesi kuliko mgongo wa kisu.
3. Ubapa una upana wa sentimita 4. Mgongo uinuliwe kiasi gani ili kupata pembe ya nyuzi 25?
4. Waulize wazee wa kijiji chako: wahunzi walijuaje kuwa moto umetosha, bila ya kipimajoto?